Simu Iliyoshuka na Kabeji

Jioni ya Ijumaa ile ukungu uliteremka mapema. Huku kwetu Malindi, juu ya Lushoto, ukungu ukiingia saa kumi na moja hauondoki tena mpaka kesho yake, na fuso lilikuwa limeshafika barabarani linasubiri kabeji zetu. Tulibakiwa na lumbesa 14 hazijashonwa. Walikuwepo vijana wawili wa kupakia, mpwa wangu wa miaka 15, mimi, na mke wangu aliyesimama katikati yetu na simu yake mkononi, tochi inawaka, anammulikia kila anayeshona.

Anayetaka kujua simu ile ilipoteaje na aitazame mikono ya mtu anayeshona lumbesa. Gunia limejaa mpaka mdomoni, juu yake zinapangwa kabeji nyingine mfano wa paa, kisha kamba inapitishwa huku na huku ili kilemba kile kisibomoke njiani. Ni kazi ya mikono minne. Kwenye gunia la tisa kamba ilikatika. Mke wangu akaiweka simu juu ya kabeji, akaikamata kamba kwa mikono miwili asije akamwaga kazi ya watu. Kijana akachomeka shazia, akavuta, akatupia majani kuziba mianya. Ndani ya nyumba mtoto akalia. Mke wangu akakimbia kwenda kumchukua, mwanga ukapotea, na yeyote kati yetu angeapa kwamba ameondoka nao. Taa ya fuso ikawashwa, tukaendelea.

Saa moja na nusu usiku gari liliondoka kuelekea Magamba, Lushoto, Soni, lishuke kona zile mpaka Mombo, halafu usiku kucha mpaka soko la Ilala, Dar es Salaam. Saa tatu mke wangu akanyoosha mkono kwenye rafu kuchukua simu yake aandike malipo ya siku ya kikoba. Haikuwepo.

Mke wangu ni mweka hazina wa akina mama 22. Kikoba chao kilianza na sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, lina kufuli tatu, na funguo zilikuwa kwa wanawake watatu wasio ndugu, wa nyumba tatu tofauti. Halikufunguliwa mpaka watatu wote wawe wamekaa na wenzao wamelizunguka wanashuhudia. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wale watatu. Kisha zikaja hofu za wezi wa usiku, akina mama wakakubaliana hela ihamie kwenye laini ya mweka hazina. Sanduku likabaki na madaftari. Usiku ule kwenye laini kulikuwa na shilingi 1,260,000, na siku ya kugawana ilikuwa wiki tatu mbele.

Sasa niseme hela hiyo ilikuwa imefungwa na nini. Kioo cha simu kilifunguliwa kwa kuchora herufi Z. Nyumba nzima tuliijua, majirani waliokuja kuomba kupiga waliijua, na hata asiyeijua angeweza kuisoma. Mara nyingi nilikuwa nimeishika simu ile karibu na dirisha baada ya chakula cha mchana nikaona mafuta ya vidole yamekauka juu ya kioo: mstari, mshazari, mstari. Na namba ya siri ya kutolea hela, tarakimu nne, ilikuwa mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kava, nyuma ya simu. Mke wangu hakukiweka pale kwa uzembe. Alikiweka kwa sababu akiwa shambani mimi au mpwa tulitakiwa tuweze kulipia mbolea bila kumwita. Katika nyumba yetu chumvi ni ya wote, jembe ni la wote, na simu tuliichukulia hivyohivyo.

Tukaipigia kwa kitochi cha mama. Inaita. Tukanyamaza wote tusikilize mlio: chini ya kitanda, kwenye debe la unga, kwenye banda la kuku. Inaita, na nyumba kimya. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalolijutia kuliko yote ya usiku ule. Nilimgeukia mpwa wangu. Kijana huyu huipenda simu ya shangazi yake, huichezea michezo, na mimi nikamwambia mbele ya watu aitoe.

"Mjomba, sijaigusa."

Nikamwambia alete na begi lake la shule tulikague. Alilileta. Akavitoa vitu vyake kimoja kimoja, akavipanga mkekani: madaftari, rula, soksi, peasi mbili alizokuwa amejiwekea. Hakusema neno lingine. Mama ndiye aliyeuliza, kwa Kisambaa, taratibu, ni nani aliyemwona mkwe wake akiingia ndani na simu. Hakuna aliyemwona.

Tukajua sasa kwamba simu imeshonwa ndani ya lumbesa, nayo inashuka mlima.

Wa kumpigia alikuwa dereva, na namba ya dereva ilikuwa ndani ya simu iliyopotea. Ndivyo tulivyo siku hizi: nilijaribu kukumbuka namba ya mtu yeyote nikaipata ya mama na yangu tu. Nikapanda na mpwa kwenye ukungu mpaka kwa mwenye shamba jirani ambaye naye alipakia mzigo fuso hilohilo. Namba ikapatikana saa nne kasoro. Haikupokelewa mpaka saa sita, gari limeshafika Segera.

"Mzee wangu, hapa nyuma kuna lumbesa za watu sita," dereva alisema. "Siwezi kuzifumua barabarani. Nikifika nitasimamia zenu."

Alikuwa mkweli. Na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Mke wangu alisema tupige huduma kwa wateja, namba 100, laini ifungwe usiku uleule. Mimi nikakataa. Nilisema laini ikifungwa simu haitaita tena, na isipoita tutalitambuaje gunia ilimo? Hoja hiyo ilinikaa sawasawa kichwani, na watu wengi wanaopotelewa na simu huishikilia hivyohivyo. Wanaipigia, wanaipigia tena, wanatuma ujumbe wa kumwomba atakayeiokota, na wakati huo wote mlango wa hela uko wazi. Simu yenyewe ilikuwa ya shilingi 280,000. Nilikuwa naihangaikia hiyo na kuiacha ile 1,260,000 ambayo wala haikuwa yangu.

Kila tulipoipigia, kioo kiliwaka gizani ndani ya kabeji, na chaji ikapungua. Saa tisa usiku ikawa haipatikani.

Saa moja asubuhi dada yangu wa Muheza alipiga kwenye simu yangu, sauti imejaa mashaka. Aliuliza wifi yake amepatwa na nini. Alikuwa amepokea ujumbe wa WhatsApp: "Shikamoo wifi, za kuamka. Nimekwama kidogo, naomba 50,000 nitarudisha jioni. Usitume kwenye namba yangu ina tatizo, tuma kwenye hii." Wifi hamwamkii wifi mwenzake wa rika lake shikamoo. Hilo ndilo lililomshtua dada yangu, akapiga badala ya kutuma.

Shangazi yetu wa Tanga hakushtuka. Yeye aliandikiwa "Shikamoo shangazi, ubavu umepoaje?", na ni kweli wiki iliyotangulia walikuwa wamezungumzia maumivu yake ya ubavu. Aliyekuwa na simu alikuwa amesoma mazungumzo, akajifunza jinsi mke wangu anavyoandika. Shangazi alituma 50,000 mara mbili, na mara ya pili aliongezea neno la pole.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" Watanzania wote tunaujua. Kwa kawaida hurushwa ovyo kwa maelfu ya watu, ukitegemea kumkuta mmoja aliyekuwa kweli anadaiwa kodi ya nyumba au hela ya mafundi. Wengi hufuta. Lakini ukitoka kwenye simu halisi ya mtu, kwa jina lake, na picha yake ya kitenge cha harusi, unamfikia mtu akiwa amefungua moyo.

Sasa tukapiga 100. Mhudumu alikuwa na adabu na aliuliza maswali aliyotakiwa kuuliza: jina lililosajili laini, namba ya kitambulisho cha NIDA, mwaka wa kuzaliwa. Mke wangu akataja jina lake. Mhudumu akasema, "Samahani mama, laini hii haina jina hilo."

Tukatazamana. Kisha tukakumbuka Januari 2020. Serikali ilikuwa imesogeza mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole kutoka tarehe 31 Desemba 2019 mpaka tarehe 20 Januari 2020, foleni zilikuwa ndefu, na namba ya NIDA ya mke wangu ilikuwa haijatoka. Kaka yake, shemeji yangu, alikuwa na namba tayari. Akaweka kidole chake kumwokoa dada yake asizimiwe laini. Ulikuwa wema wa ndugu, na sisi tulisema tutabadilisha baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Kwa miaka yote ile hela ya akina mama 22 ilikuwa inakaa, kwa mujibu wa mtandao, kwenye laini ya mwanaume anayechimba Mererani.

Shemeji alipatikana saa mbili na robo, akapiga 100 mwenyewe, laini ikafungwa saa mbili na nusu. Tulipokuja kupewa taarifa ya miamala, hela ilikuwa imehamishwa kwa mafungu matatu kati ya saa moja na dakika 5 na saa moja na dakika 20. Zilibaki shilingi 41,000. Dakika 15 zilimtosha mtu aliyekwisha kuchora Z, kuvua kava na kukunjua kikaratasi.

Dereva alikuwa amesinzia wakati makuli wanashusha mzigo alfajiri. Siwezi kumlaumu mtu aliyeendesha usiku mzima. Lumbesa ya tisa ilikutwa imekatwa kamba.

Mke wangu hakulia mpaka alipolifungua lile sanduku la kijani kutoa daftari. Kufuli tatu zilikuwa bado zimening'inia wazi kwenye pete zake, zimeshika kutu kidogo, kwa kuwa hakukuwa na cha kufungia.

Jumapili akina mama walikuja uani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini waliketi kwenye majani, wakasalimiana, wakamsikiliza mwenzao kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mmoja akauliza kama namba ya siri ilikuwa inajulikana na watu wangapi. Mke wangu akahesabu kwa sauti: mume wangu, mama mkwe, mpwa, kijana wa kupakia wa mwaka jana, wifi. Hakuongeza utetezi. Nikasimama nikasema kwamba uamuzi wa kuchelewa kufunga laini ulikuwa wangu, na kwamba deni ni la nyumba yetu. Tulilipa kwa mavuno mawili ya kabeji, moja la karoti, na mbuzi wawili. Hela ya shangazi tulianza nayo.

Jumatatu nilishuka Lushoto polisi kuripoti. Askari akataka IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu yenyewe bila kujali laini. Watu wa umri wangu tuliijua mwaka 2016, mwezi Juni, TCRA ilipozima simu bandia, kila mtu akawa anabonyeza *#06# kujua kama yake itapona. Kuijua sikuwa nimeijua kiasi cha kuiandika popote. Nikampigia mama. Boksi la simu alikuwa analihifadhia mbegu zake za maharage, na pembeni mwa boksi kulikuwa na kibandiko chenye namba ile. Hasomi vizuri, kwa hiyo mpwa akamsogelea, akanisomea tarakimu 15, tatu tatu, akarudia bila kuambiwa. Kwa namba hiyo simu inaweza kuzuiwa isishike mtandao wowote nchini. Haikurudi, lakini sidhani kama ilimfaa mtu kwa muda mrefu.

Nilikuwa na tumaini jingine. Simu ya siku hizi, ukiwa na akaunti uliyoifungulia, unaweza kuitafuta kwenye ramani, kuifunga au kufuta vitu vyake kutoka simu nyingine. Akaunti ya mke wangu ilifunguliwa na fundi dukani siku tuliponunua, kwa barua pepe aliyoitunga yeye na nywila aliyoijua yeye, ili tusisumbuke. Fundi mwenyewe hakuikumbuka tena. Nimeuliza watu wengi tangu hapo, na karibu kila niliyemuuliza huku milimani simu yake ilifunguliwa hivyo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ni nusu saa tu ya kukaa na mtu mwenye subira, ukafungua akaunti yako kwa jina lako, ukaiandika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani, mbali na simu.

Shemeji alikuja mwenyewe kutoka Mererani, siku mbili za kazi zimepotea, akaweka kidole, laini ikarudi, kisha mke wangu akaweka chake, ikahamishiwa jina lake. Tulipiga *106# palepale kuhakikisha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake ni zake kweli. Shangazi naye, kwa kuelekezwa na mjukuu wake, alituma ule ujumbe wa kitapeli na namba iliyotumiwa kwenda 15040, ambako TCRA hupokea namba za matapeli. Alisema hataki mwanamke mwingine aulizwe habari za ubavu wake.

Simu mpya ilinunuliwa miezi minne baadaye. Safari hii tulikaa nayo usiku mzima karibu na jiko. Tarakimu sita za kufungulia kioo, wala si mchoro, na zisiwe mwaka wa mtu. Kioo kijifunge baada ya sekunde 30. Ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa, maana namba za uthibitisho nazo huja kwa ujumbe. WhatsApp ikawekewa ule uthibitishaji wa hatua mbili, namba nyingine ya siri anayoulizwa mtu akitaka kuihamishia akaunti kwenye simu yake. Na laini yenyewe ikapewa PIN yake, kitu ambacho sikuwahi kukijua: bila hiyo, mwizi huchomoa laini tu akaitia kwenye simu yake, kufuli la kioo unabaki nalo wewe. PIN hiyo ukiikosea mara tatu inadai PUK, na PUK imo kwenye ile kadi ya plastiki iliyobanduliwa laini, ambayo wengi huitupa siku hiyohiyo. Yetu iko ndani ya sanduku la kijani, pamoja na orodha ya namba za watu 20 zilizoandikwa kwa mkono. Ya dereva ni ya kwanza.

Hela ya kikoba haikurudi kwenye laini ya mtu mmoja. Akina mama walichagua akaunti ya kikundi ya kwenye simu, ambayo hela haitoki mpaka viongozi watatu waidhinishe, kila mmoja kwa namba yake ya siri.

Nyumbani, aliyekataa mambo haya mapya ni mama. Alikuwa anakoka moto, akamsikia mke wangu akisema kwamba kuanzia leo namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata wa humu ndani. Akainuka.

"Tangu lini mtu anafunga mlango kwa watu wake? Kama hamtuamini, semeni."

Nilitaka kujibu mimi. Mke wangu akanitangulia, akapiga magoti kumsogezea kuni.

"Mama, ule ufunguo wa sanduku ulikuwa unauweka wapi?"

Mama akanyamaza. Ufunguo ule aliutunza miaka sita. Baba alifariki bila kujua ulikokaa, na hakuwahi kuuliza. Sisi watoto hatukuwahi kuuona.

"Kwenye pindo la kanga," alisema hatimaye. "Usiku niliuhamisha."

"Uliuhamishia wapi?"

"Hilo sikwambii."

Akarudi kwenye moto wake. Baadaye alimwita mpwa amfundishe kuweka tarakimu kwenye kitochi chake.

Mimi nilikuwa nimeshamwomba kijana yule radhi, mara mbili, naye alisema yamekwisha. Ni kijana wa heshima, angesema hivyo kwa vyovyote. Usiku wa siku hiyo ujumbe uliingia kwenye simu mpya, mke wangu akaichukua kwenye rafu. Mpwa alikuwa ameketi karibu naye, anamenya viazi. Alipoona kidole cha shangazi yake kinakielekea kioo, aliweka kisu chini, akageuza uso ukutani, akasubiri hivyo mpaka aliposikia mlio mdogo wa simu iliyofunguka. Kisha akachukua kiazi kingine.